Uliza Mjomba: Kwani New York ni masaa saba tu?

SWALI
Habari za siku nyingi Mjomba. Kijana wangu anaenda kusoma Marekani Januari, na hajawai panda ndege. Nimeangalia tiketi yake, inasema anatoka JKIA saa tano na nusu usiku anafika New York saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Nimehesabu na vidole nikapata masaa saba. Jirani yangu ananicheka, ati ni kumi na tano. Nani muongo, tiketi ama jirani?
Mama Zawadi, Umoja

JIBU
Mama Zawadi, hakuna muongo hapo, ni vidole vyako tu vimechezwa. Tiketi huandika saa ya mahali ndege iko, kwa hivyo hiyo ya kutoka ni ya Nairobi na hiyo ya kufika ni ya New York, na Januari wao wako nyuma yetu masaa nane. Kijana akikanyaga huko asubuhi na mapema, wewe hapo Umoja ni saa nane na nusu mchana na ushakula lunch. Sasa hesabu tena, utapata kumi na tano kamili. (Machi wale watu husongesha saa zao mbele, tofauti inabaki saba mpaka Novemba, usishangae.)

Umbali wenyewe ni kama kilomita 11,800, yaani uende Mombasa na barabara na urudi, mara kumi na mbili, na bado kuna chenji. Dreamliner, ndo aina ya ndege atapanda, hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, ukigawanya unapata masaa kumi na tatu hivi, lakini kuna kutambaa uwanjani, kuna kupanda, kuna kungoja laini ya kushuka, halafu kuna upepo. Huko juu kuna upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na ndege ya kwenda Marekani inapigana nao uso kwa uso. Ikirudi upepo unaisukuma mgongoni, ndo maana kurudi ni kama masaa kumi na nne.

Na hapo nimeongea juu ya ile ya moja kwa moja ya Kenya Airways, ilianza Oktoba 2018. Yenye inapitia Doha ama Amsterdam ni hesabu ingine kabisa, unaweza kaa uwanjani masaa sita ukiangalia watu wakinunua marashi. Yako ni direct, shukuru, hata kama mtoto ataamka miguu imevimba. Mwambie asimame atembee tembee.

Kitu kimoja nakuomba mama, usimpigie saa tatu asubuhi ukienda soko, kwake hiyo ni saa saba usiku. Ngoja jioni ukipika.