Mwanao Akisema Ubongo Wako Umezeeka

Mama mmoja wa Sengerema kaniandikia. Anataka kufanya mtihani wa kidato cha nne kama mtahiniwa wa kujitegemea, ila mwanawe kamwambia ubongo wa mtu mzima hauingii kitu. Shikamoo Mama. Maneno hayo nayajua. Shemeji yangu aliyasema mbele ya wageni, sinia la pilau katikati: muuza dagaa wa soko la Mwaloni, Mwanza, mvi kichwani, eti anakariri baiolojia! Walicheka sana. Baiolojia nikapata C, na kicheko sijakisikia tena.

Mjibu hivi. Mwaka 1965 Joseph Altman na Gopal Das walionyesha kuwa panya wakubwa huzalisha seli mpya za neva kwenye hipokampasi, sehemu ya ubongo inayoshughulika na kumbukumbu. Altman alipuuzwa miaka mingi (namwelewa mno). Mwaka 1998 Peter Eriksson, Fred Gage na wenzao wakaripoti seli hizo kwa binadamu wazima. Mwaka 2018 watafiti wengine wakasema kwa watu wazima hawakuziona, na ubishi unaendelea. Mimi niko upande wa Gage, na sababu unaijua.

Utamu uko kwenye kazi ya seli hizo. Kwa panya, seli changa yenye wiki nne hadi sita hivi husisimka upesi kuliko kongwe, na miunganisho yake huimarika kirahisi. Tena huamsha seli za kutuliza, nazo huwanyamazisha wakongwe wengi wabaki wachache wa kujibu. Watafiti wengi wanaona hapo ndipo kumbukumbu mbili zinazofanana zinapotenganishwa. Mitosisi na meiosisi, zile aina mbili za seli kugawanyika, kwa mfano! Ziliniliza.

Basi tembea. Panya waliowekewa gurudumu la kukimbilia walizalisha seli nyingi zaidi. Mimi nikifunga biashara nilikwenda kwa miguu hadi kivuko cha Kamanga, bodaboda wakinipigia honi. Tembea, nasema. Ulale pia, utulize akili, maana msongo wa muda mrefu huzipunguza seli hizo. Na jifunze vitu vigumu: seli nyingi changa hufa, ila panya wakifundishwa kazi ngumu nyingi zaidi husalia.

Jamani, mnaokesha kwenye simu mkilalamika umri umewatupa mkono, mmefungua daftari gani mwaka huu? Seli inataka wiki kadhaa ikomae, ninyi mnaanza kusoma siku tatu kabla ya mtihani!

Mama, anza na hesabu mapema. Na huyo kijana akupishe meza jioni.