Lenzi mpya ya darubini na anga lenye mawingu

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa fizikia katika shule moja ya sekondari hapa Dodoma. Ninayo darubini ya kioo yenye kipenyo cha milimita 114 na urefu wa fokasi (umbali kutoka kwenye kioo hadi mwanga unapokusanyika kuwa picha) wa milimita 900, ambayo nimekuwa nikiitumia na lenzi ya jicho ya milimita 25 iliyokuja nayo. Hivi karibuni nimenunua lenzi nyingine ya milimita 6, yenye mwono (upana wa eneo linaloonekana ndani ya lenzi) wa digrii 52 kwa mujibu wa maandishi ya boksi lake, ili wanafunzi wangu waione vizuri sayari ya Mshtarii. Tangu ifike, anga limefunga karibu kila usiku. Mawingu yalipopungua kidogo niliielekeza kwenye Mwezi, nikaona picha iliyofifia na kuchezacheza, na kwa kuwa navaa miwani sikuweza kuona ukingo wa duara la picha. Muuzaji amenipa majuma mawili ya kuirudisha. Je, lenzi hii ni mbovu?
Mwalimu, Kisasa, Dodoma

JIBU: Mwalimu, usiirudishe kwanza. Umetaja dalili tatu, nazo zina sababu tatu tofauti, na katika hizo ni moja tu ambayo mawingu yamechangia.

Tuanze na kufifia. Ukigawanya fokasi ya darubini, 900, kwa ile ya lenzi, 25, unapata ukuzaji wa mara 36, na ukigawanya 900 kwa 6 unapata mara 150. Kioo cha darubini yako hakikuongezeka ukubwa, kwa hiyo mwanga ule ule ulioujua sasa umetandazwa juu ya picha ambayo eneo lake ni kubwa takriban mara 17. Hata katika usiku mweupe kabisa wa mwezi Julai, uso wa Mwezi ungeonekana hafifu kiasi hicho ukilinganisha na lenzi yako ya zamani, na mawingu membamba yanapokatiza hapo katikati ni lazima ufifie zaidi. Hiyo si kasoro ya lenzi.

Kuchezacheza ni jambo jingine, na hapa ndipo wengi huyasingizia mawingu. Wingu jembamba la juu hupunguza mwanga na kuzungusha weupe pembeni mwa Mwezi, lakini kwa kawaida haliifanyi picha itikisike. Kinachoitikisa ni hewa yenye joto lisilo sawa, nasi wa Dodoma tunayo ya kutosha: mabati na zege la uani hunywa jua kutwa nzima, kisha huliachia joto hilo baada ya magharibi, likapanda mbele ya darubini. Kioo nacho, kikitoka chumbani kikiwa bado na joto, huchemsha hewa iliyo ndani ya bomba lake chenyewe. Toa darubini nje nusu saa au saa nzima kabla ya kuangalia, iweke juu ya udongo au majani badala ya saruji, na usiielekeze juu ya paa la jirani. Kwa ukuzaji wa mara 36 hukuyahisi haya. Kwa mara 150 yanakuzwa pamoja na Mwezi wenyewe. Ningependa pia ujue kwamba baadhi ya usiku wenye utando mwembamba wa mawingu huwa na hewa tulivu sana, na sayari inayong'aa kama Mshtarii huweza kuonekana kupitia utando huo na mikanda yake ikiwa imetulia. Kwa hiyo usifunge darubini kwa sababu tu nyota ndogo zimepotea.

Kuhusu miwani, lenzi nyingi za muundo wa kawaida zenye fokasi fupi namna hii hukutaka usogeze jicho hadi milimita nne au tano tu kutoka kwenye kioo chake, na miwani haiwezi kupita hapo. Ivue. Ikiwa huoni mbali au huoni karibu, skurubu ya kurekebishia picha itafanya kazi ya miwani yako. Hata kama jicho lako lina astigmatizimu (uso wa jicho usiopinda sawasawa pande zote), mwanga unaotoka kwenye lenzi hii ni mshipi mwembamba usiofikia milimita moja, ambao hupita sehemu ndogo mno ya mboni kiasi kwamba kasoro hiyo huwa haihisiki.

Lenzi yenyewe unaweza kuichunguza bila kuliomba anga ruhusa, na kwa maoni yangu hili ndilo la kufanya ndani ya majuma yako mawili. Mchana, ukiwa umelipa jua mgongo na wanafunzi wakiwa chini ya uangalizi wako (jua likiingia kwenye darubini hupofusha jicho papo hapo), lenga mnara wa simu au mawe ya mlima Mlimwa. Picha itakuwa juu chini, kama ilivyo kawaida ya darubini hizi. Angalia kama inakubali kuwa kali na wazi, na kama ukali wake katikati unafanana na ule wa karibu na ukingo.

Usiku, hata mawingu yakiwa mazito, jitengenezee nyota. Tafuta gololi ya chuma ya beringi, kama zile zilizopo kwa mafundi baiskeli, iweke juu ya kitambaa cheusi mita 50 hivi kutoka kwenye darubini, kisha imulike kwa tochi iliyo umbali wa mita mbili kutoka kwayo, huku ukikinga tochi isiangaze upande wako. Nukta ya mwanga utakayoiona kwenye gololi ni ndogo kiasi kwamba darubini yako itaiona kama nyota. Iweke katikati, kisha uitoe kwenye fokasi kidogo: inapaswa kuwa duara lenye pete ndani ya pete. Ikiwa duara limevutwa upande mmoja au lina mkia, ilegeze lenzi na uizungushe taratibu ndani ya bomba huku ukiendelea kuangalia. Mkia ukizunguka pamoja na lenzi, kasoro ni ya lenzi, na hapo irudishe bila kusita. Mkia ukibaki palepale, lenzi haina hatia. Vioo vya darubini ndivyo vinavyohitaji kupangwa upya vielekeane sawasawa, jambo ambalo ukuzaji mdogo ulikuwa ukilificha. Kichwa chako kikiinamia upande na mkia ukakifuata, chunguza jicho lako.

Ukiona picha inazidi kuwa na ukungu dakika hadi dakika, itazame lenzi kwa nje, kwa maana pumzi na joto la uso huiwekea unyevu msimu huu. Iache ikauke yenyewe. Vumbi la Dodoma lina chembe za mawe zinazokwaruza, kwa hiyo lipeperushe kwanza kwa kipulizio kabla ya kitambaa chochote kuigusa. Radi zikianza kusikika, hata kwa mbali, ingiza darubini ndani.

Mawingu yakifunguka kati ya Desemba na Machi, kundi la nyota la Jabari (Orion) litakuwa karibu na utosi wa anga letu. Katika nyota tatu za mshipi wake, chagua Mintaka, iliyo karibu kabisa na ikweta ya mbingu (mstari wa angani ulio juu ya ikweta ya dunia). Iweke ukingoni mwa duara upande wa mashariki, usiiguse darubini, na uhesabu sekunde hadi ipite katikati na kutokea ukingo wa pili. Kwa mwono wa digrii 52 unapaswa kupata sekunde 83 hivi. Ukipata pungufu sana, sema 60, maandishi ya boksi hayakuwa ya kweli, na hiyo nayo ni sababu halali ya kumrudia muuzaji.