Baridi utaizoea, mteremko usiuzoee

Mdogo wangu wa Nyakato, umeuliza mawili: kama jaketi la mtumba la Mlango Mmoja litafaa kwenye hiyo kazi ya hotelini Banff, Kanada, na kama kweli theluji inaua watu kule milimani.

Jaketi si shida, angalia unachovaa ndani. Pamba ikishika jasho haikauki, na kwenye nyuzi 25 chini ya sifuri jasho hilohilo ndilo litakalokugandisha. Vaa sufu au polista mwilini, sweta zito juu yake, kisha cha kuzuia upepo. Ukianza kupanda, punguza nguo kabla hujalowa. Upepo wa kilomita 30 kwa saa utaifanya hiyo 25 ikuume kama 39. Chupa ya maji ibebe kichwa chini, maana barafu huanzia juu. Kidole kikifa ganzi na kuwa cheupe, usikisugue, kibane kwapani.

Sasa theluji. Kinachoua ni poromoko, theluji ya mteremkoni inaponyanyuka na kushuka kwa pamoja ikafukia watu. Siku ya mapumziko wenzako watakualika muende kuteleza kwenye theluji nje ya njia zinazolindwa. Miteremko inayoua ni yenye mwinamo wa nyuzi 30 hadi 45, hiyohiyo wanayoipenda. Theluji iliyoshindiliwa na upepo hukaa juu ya chembe legelege za theluji, kama bati juu ya choroko. Uzito wa mtu mmoja unatosha kuling'oa. Wengi wanaofukiwa, poromoko wamelianzisha wao au mwenzao. Mkisikia mvumo mzito chini ya miguu, au ufa ukakimbia mbele yenu, rudini mlikopita.

Kila mtu awe na redio ya kutafutana ya kilohezi 457, inayotoa ishara ya kumpata aliyefukiwa, imewashwa na imevaliwa mwilini, si kwenye begi. Fimbo ya kudunga kwenye theluji kumtafuta aliyefukiwa, ya sentimita 240 au zaidi. Na beleshi la alumini, la plastiki halipenyi. Simu ikae mbali na redio sentimita 20, wakati wa kutafuta 50. Anayefukuliwa ndani ya dakika 10 ana nafasi kubwa ya kupona. Zikifika 30, wengi wameshakosa hewa. Helikopta ya uokoaji haiwahi, kwa hiyo mnavuka mmoja mmoja, wengine wakimtazama toka mahali salama. Mkivuka wote pamoja, nani atachimba?

Parks Canada, shirika la hifadhi za taifa la huko, hutangaza hatari ya maporomoko kila siku msimu wa baridi, ngazi 1 hadi 5. Watu huidharau 3 kwa sababu iko katikati, na vifo vingi hutokea hapohapo. Kozi ya mwanzo ya kujikinga na maporomoko ni siku 2. Ilipie kwa mshahara wa kwanza, hata kama nyumbani wanasubiri hela. Kabla ya hapo wakikualika, kataa. Watakucheka kidogo, basi.