Diski C imejaa: nifute nini?

Swali: Fundi, salamu kutoka Busia. Nina duka la kuchapa na kutoa fotokopi. Laptopu yangu ni ya Windows 11, diski GB 128, na C imebakiza GB 2, mstari umekuwa mwekundu. Kijana mmoja ameniambia nifute foda ya WinSxS kwa sababu ni kubwa. Mwingine ameniletea programu ya kusafisha kwenye flashi. Nimsikilize nani?

Jibu: Dada yangu, usimsikilize hata mmoja. WinSxS ndimo Windows inamoweka vipande vya kujirekebisha na kujisasisha. Ukiifuta kwa mkono, kompyuta inaweza kukataa kuwaka. Hata ukubwa unaouona si wote wa kweli, maana faili nyingi za humo huonekana pia kwenye foda nyingine za mfumo na kuhesabiwa mara mbili, ilhali kwenye diski ni nakala moja. Ile flashi mrudishie mwenyewe. Kazi hiyo Windows inaifanya bila programu ya mtu.

Fungua Settings, ingia System, kisha Storage. Bonyeza Temporary files, usubiri ihesabu. Ukikuta Previous Windows installation, umepata mzigo wenyewe: ni Windows ya zamani iliyoachwa baada ya sasisho kubwa, na mara nyingi hupita GB 10. Kwa kawaida hujifuta baada ya siku 10. Kama mashine inafanya kazi vizuri, iondoe leo, ila ujue hutaweza kurudi toleo la nyuma.

Tafadhali sana, kwenye orodha hiyohiyo kuna Downloads. Usiitie alama. Kwa mtu wa duka la kuchapa, humo ndimo zinamotua CV na barua za wateja.

Baadaye nenda Apps, Installed apps, upange kwa ukubwa, uondoe michezo na programu usizozitumia.

Wengine watakushauri uzime haibanesheni (hibernation), yaani ule uwezo wa kompyuta kuhifadhi kazi iliyofunguliwa kwenye diski kisha kujizima, ili upate GB chache. Mimi siungi mkono. Umeme ukikatika na betri ikaelekea kwisha, hiyo ndiyo huhifadhi kazi uliyokuwa ukiichapa.

Faili za wateja za mwaka jana zihamishie diski ya nje. Fungua mbili tatu hukohuko uone zinasomeka, ndipo ufute za kwenye laptopu.