MR2 inachemsha kwenye foleni: anza na feni

Pole sana ndugu yangu. Umesema Toyota MR2 yako ya 1991 inachemsha kwenye foleni, ukishika barabara kuu mshale wa joto unashuka, na fundi ameshataka kufungua injini. Mwambie asubiri kwanza.

Gari ikichemsha imesimama na kupoa ikikimbia, mshukiwa wa kwanza ni feni ya rejeta, kwa sababu kwenye foleni hakuna upepo wa kuisaidia. Egesha, acha injini iungurume, mshale ukipanda sikiliza mbele. Feni ikiwa kimya, kagua fyuzi, rilei (swichi ya umeme inayoiwasha) na sensa yake ya joto. Ingechemsha ukiwa kasi, ningeshuku rejeta kuziba au wota pampu.

Halafu kuna hewa. Injini ya MR2 iko nyuma ya viti na rejeta iko mbele, kwa hiyo maji husafiri kwenye mabomba marefu chini ya gari. Ukijaza haraka, hewa inabaki humo. Yangu ilinitesa wiki mbili baada ya kubadilisha thamostati (vali inayoruhusu maji kwenda kwenye rejeta injini ikipata moto): mshale juu, lakini hita inapuliza baridi. Tuliitoa hewa injini ikiwa imepoa, tukajaza kulanti (maji ya kupoza injini) kidogo kidogo mpaka mapovu yakaisha.

Tafadhali usifungue mfuniko wa kulanti injini ikiwa ya moto, utababuka uso. Ukiona moshi mweupe usiokoma, au oili imekuwa kama chai ya maziwa, zima hapo hapo. Ivutwe hadi kwa fundi apime gasketi ya silinda hedi, ile inayoziba kati ya bloku ya injini na kichwa chake.