Nikiiga ratiba ya mwandishi mkubwa, riwaya yangu itasogea?

SWALI: Mwalimu, naandika riwaya, nimefika sura ya nne nimekwama kabisa. Mimi huwa naandika usiku, nimelala kifudifudi sakafuni, kwa penseli, na lazima redio iwe inaongea kwa chini. Rafiki yangu naye anaandika, ananicheka, anasema mwandishi wa kweli anaamka saa kumi alfajiri kama Murakami, yule mwandishi wa riwaya wa Japani. Nimejaribu nikaishia kusinzia tu. Nibadilike au nibaki na yangu?

JIBU: Baki na sakafu yako bwana. Truman Capote, mwandishi wa Marekani, alisema wazi kwamba hawezi kufikiri mpaka ajilaze, Hemingway, Mmarekani mwenzake, naye alizoea kuandika amesimama, na wote wawili vitabu vilitoka. Kuhusu Murakami, rafiki yako amekupa nusu ya habari, maana yule akiwa kwenye riwaya anaamka saa kumi kweli lakini saa tatu usiku ameshalala, sasa wewe unayeandika usiku utaacha vipi kusinzia?

Watu wanaiga mkao na saa bila kujiuliza ile tabia ilikuwa inamtatulia mwenyewe shida gani. Anthony Trollope, mwandishi wa riwaya wa Uingereza, alikuwa mfanyakazi wa posta, muda wake ni asubuhi kabla ya kazi basi, ndio maana aliweka saa mezani na kujilazimisha kuandika maneno 250 kila robo saa. Shida yake ilikuwa muda. Maya Angelou, mwandishi na mshairi wa Marekani, alikuwa anakodi chumba cha hoteli cha kuandikia na anaomba picha zitolewe ukutani, huyo alikuwa anakimbia vitu vya kumvuta macho. Halafu kuna Schiller, mshairi wa Ujerumani, na matufaha yake yaliyooza kwenye droo, eti bila harufu ile haandiki, rafiki yake Goethe, naye mwandishi, akakaa pale siku moja nusura azimie 😂 hiyo mimi simshauri mtu.

Sasa wewe shida yako ni ipi? Hujasema huwezi kukaa ukaandika, umesema umekwama sura ya nne, na hayo ni mambo mawili tofauti kabisa. Hata uamke saa nane usiku hiyo sura itakuwa inakusubiri pale pale. Wanaokwama hapo wengi ninaowaona wanaandika kwa mstari ulionyooka, moja, mbili, tatu, halafu wanafika mahali hawajui mhusika anataka nini lakini wanaona aibu kuruka. Nabokov, aliyeandika riwaya ya Lolita, alikuwa anaandika kwenye vikadi kwa penseli, leo kipande cha katikati, kesho cha mwisho, kisha anavipanga na kuvipangua mpaka vikae. Penseli unayo tayari, kata karatasi vipande, kila kipande tukio moja, na usiandike namba ya sura juu yake, hiyo namba ndiyo inayokufunga.

Kingine, unaacha kuandika ukiwa umefika wapi? Kama unaandika mpaka uishiwe ndio ulale, basi kesho yake unaanza na ndoo tupu. Hemingway alikuwa anasimama pale ambapo bado anajua kinachofuata. Inauma kidogo mwanzoni, unaona kama unajinyima, ila kesho ukishika penseli sentensi ya kwanza ipo tayari, na kwa mtu aliyekwama hakuna dawa nyingine ninayoiamini kama hii.

Redio sasa, hapo ndio nina wasiwasi. Muziki hauna shida, lakini umesema inaongea, na maneno ya watu wengine yanaingia kwenye dayalogi yako bila wewe kujua. Soma mazungumzo ya sura ya tatu kwa sauti, ukiona wahusika wako wote wanaongea kama mtangazaji, izime wakati wa dayalogi, ukirudi kwenye maelezo washa.

Kwa hiyo leo usiku iache sura ya nne kama ilivyo, chukua kipande cha karatasi uandike tukio ambalo umekuwa unaliwaza siku zote, hata kama ni la sura ya kumi na mbili. Ukimaliza vipande vitano sita vya hivyo virudishe kwenye ile sura uone vinaidai nini, na usishangae ukikuta ulichokuwa unahangaika kukiandika pale hakihitajiki kabisa.