Kabla hujamwambia mteja "nimeshafuta"

Wiki iliyopita kijana wetu mmoja alimkabidhi mteja laptopu iliyokuwa inaenda kuuzwa, akamwambia kwa kujiamini, "Bosi, humo hamna kitu, nimefuta vyote." Mimi nilikuwa pembeni nakula mihogo. Nikaiomba laptopu, nikachomeka flashi yenye Recuva, programu ya kufufua mafaili yaliyofutwa, na mhogo wa pili haujaisha ikaanza kutema: hati ya kiwanja, picha za pasipoti, mkataba wa pango, barua ya kuomba likizo. Mteja akanitazama mimi, mimi nikamtazama kijana, kijana akatazama dari.

Sasa nyie mafundi mliokuja juzi, njooni hapa. Makosa yenu siyo hata mapya. Ni yaleyale tuliyoyafanya sisi, mnayavaa kama mtumba.

1. Fomati ya haraka haifuti. Mnalijua hili, mkiulizwa mnalijibu vizuri, halafu mkikaa mezani mnaacha tiki kwenye Quick Format kwa sababu saa ya kula imefika. Ile inachana ukurasa wa yaliyomo tu, sura za kitabu zipo palepale. Toa tiki. Tangu Windows Vista fomati kamili inaandika sifuri kwenye diski nzima. Ya XP ilikuwa inakagua sekta mbovu tu, kwa hiyo fundi mzee akikwambia hata fomati kamili haifuti, usimbishie sana. Habari zake ni za zamani.

2. Jua unafuta diski ipi. Hapa naomba mnivumilie.

Alikuja mama mmoja mpiga picha za harusi, anauza laptopu yake. Diski ya ndani ilikuwa ya GB 500. Nikamhamishia kazi zake zote kwenye diski ya nje, nayo ya GB 500, mpya, nimemchagulia mwenyewe. Kisha nikafungua laptopu, nikatoa diski ya zamani, nikaitia kwenye kisanduku cha USB na kuichomeka kwenye kompyuta ya mezani. Ya nje nikaiacha imechomekwa pembeni yake. Kwa nini? Uvivu, hakuna sababu nyingine.

Nikafungua diskpart, kile chombo cha Windows cha kushughulikia diski kwa amri za kuandika, nikapiga list disk ili nione orodha ya diski. Disk 1, 465 GB. Disk 2, 465 GB. Nikahakikisha kwamba 2 ndiyo ya zamani (siku hiyo ya kwanza nilihakikisha, naapa), nikaandika clean all, amri ya kujaza sifuri diski nzima. Mnaijua: haiulizi "una uhakika?", haionyeshi asilimia, kile kijistari kinakonyeza tu. Ikaenda saa moja na dakika kumi, umeme ukakatika. UPS, betri ya kushikilia kompyuta umeme ukikatika, tulikuwa nayo. Tulikuwa tunawekea vikombe juu yake.

Umeme uliporudi nikachomoa vyote, nikachomeka upya, na vidole vikaandika vilichokariri: select disk 2, clean all. List disk sikupiga. Namba zile hazijagandishwa kwenye diski. Ukichomoa na kuchomeka, ukizima na kuwasha, zinaweza kubadilishana. Safari hii 2 ilikuwa ya nje.

Nusu saa baadaye nikageuka kuchukua bisibisi, nikaona taa ya kisanduku imetulia tuli, na ya diski ya nje inapepesa kama ina haraka ya kwenda mahali. Nilichomoa ule waya kama ninayeng'oa jino.

Hesabu ilikuwa hivi: ya zamani imeliwa kama GB 300, mpya imeliwa kama GB 130, na zote zimeliwa kuanzia mwanzo, palipokuwa na jedwali la mafaili. Nikawasha PhotoRec, programu ya kufufua picha, ikasaga usiku kucha. Ile inasaka picha kwa alama za mwanzo wa faili, kwa hiyo majina na mafolda hairudishi. Asubuhi nilikuwa na maelfu ya picha zinazoitwa f na tarakimu, harusi tatu zimechanganyika, na katikati yake vijipicha vya tovuti alizowahi kufungua. Video karibu zote zilikataa kufunguka.

Saa mbili asubuhi nikampigia. Nilikuwa nimeshaandaa uongo, kwamba diski mpya imetoka dukani mbovu. Nilipoanza tu kuzunguka akanikatiza: "Baba, sema umefanya nini." Nikasema. Alinyamaza muda mrefu, nasikia tu konda anaita abiria upande wake.

Alikuja mchana na daftari. Siku tatu tulikaa mezani tunatenganisha harusi kwa rangi za sare za kamati: zambarau huku, machungwa kule, kijani ya bahari pale. Zambarau ilisalimika karibu yote. Kijani ya bahari ndiyo iliyoumia. Kanisani hakuna kitu, picha zinaanzia kwenye keki. Bibi harusi alinipigia mwenyewe. Aliyosema nabaki nayo. Hela ya mama nilirudisha, na ile aliyolipwa kupiga picha nikailipa kwa awamu, miezi mitano.

Ushauri wenyewe: chomoa kila diski isiyotakiwa kufa kabla hujafungua diskpart. Get-Disk, amri ya PowerShell ya Windows, inakupa namba ya usajili ya diski, ila visanduku vingine vya USB vinatoa namba yao wenyewe, kwa hiyo rudi kwenye kuchomoa.

3. SSD, diski ya chipu, si diski ya kuzunguka. Ukiandika juu ya faili, chipu inaandika kwingine na kuacha la zamani lilipo, kwa hiyo programu za kufuta faili mojamoja hapo ni kujifariji. Tumia Secure Erase, amri ya SSD kujifuta yote yenyewe, ya mtengenezaji au ya kwenye bayosi. Ikikwambia "frozen", yaani imefungwa isipokee amri hiyo, usianze kulaani. Laza kompyuta usingizi, iamshe, jaribu tena. Na TRIM, ile amri inayoiambia SSD isafishe palipofutwa, ikiwa imewashwa, kilichofutwa bahati mbaya usimwahidi mteja kwamba kinarudi.

4. "Kaka, diski imejaa yenyewe." Haijajaa yenyewe. Ulianzisha cipher /w, amri ya Windows ya kuandika juu ya nafasi tupu, ukachoka, ukafunga dirisha. Imeacha folda EFSTMPWP pale mwanzo wa diski, ifute. Na kumbuka cipher inasafisha nafasi iliyo wazi tu. Faili ambalo hujalifuta hailigusi.

5. Pasi 35, yaani kuandika juu ya diski nzima mara 35, ni za nini? Mtafiti Peter Gutmann aliziandika 1996 kwa diski za enzi hizo, na baadaye yeye mwenyewe akasema kwa diski za kisasa hazina maana. Diski ya TB 1 kwa MB 100 kwa sekunde inachukua karibu saa tatu pasi moja. Zidisha. Kuna mtu hapa alishika meza siku nne, mteja anapiga simu kila jioni, na sifuri za pasi ya kwanza zilikuwa zimetosha.

6. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya Tanzania ya 2022 inafanya kazi tangu Mei 2023. Isomeni, hata mkiwa kwenye daladala.

7. Diski iliyokufa kabisa haifutiki kwa programu, itoboe. Nyingi za laptopu zina sahani za kioo, zinapasuka, kwa hiyo vaa miwani. Drili ipo juu ya kabati. Biti ya milimita 6 haipo, na aliyeichukua anajijua.